Hilux 3L ya 1994 imekata umeme wote ghafla usiku: subiri kwanza kununua betri na altaneta

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Hilux dabo kebini ya 1994, injini 3L ya dizeli, manyuo. Juzi usiku natoka Morogoro naenda Iringa, nipo katikati ya hifadhi ya Mikumi, nimewasha full na spotilaiti mbili nilizofunga miezi kadhaa iliyopita, ghafla taa zikang'aa sana kama sekunde moja hivi kisha giza tupu, dashibodi ikafa, injini ikakata palepale. Nikazungusha ufunguo kimya, hata tik. Hazadi hamna, honi hamna. Tukakaa ndani tunaogopa hata kushuka. Kama dakika kumi na tano baadaye nikajaribu tena ikapiga stata kwa nguvu ikawaka kama hakuna kilichotokea, nikazima spotilaiti nikaenda mdogo mdogo hadi Iringa. Mchana inatembea fresh kabisa. Fundi wa hapa anasema betri na altaneta vyote vimekwisha nibadilishe. Nifanyeje?

JIBU:

Marahaba kijana wangu, poleni sana, na mmefanya vizuri kutoshuka, pale Mikumi usiku tembo akiwa barabarani huwezi kumwona mpaka umfikie na gari yako ilikuwa haina hata taa ya kumwonyesha kwamba upo.

Sasa nikwambie kitu, umeandika vizuri kuliko wateja wengi wanaokuja wamekaa mbele yangu. Mtu anakuja anasema "gari imekata umeme" basi, ukimuuliza ilikataje anasema we pima tu fundi. Wewe umetaja mambo manne ambayo kwangu ni nusu ya kazi: taa ziling'aa kwanza, hazadi na honi navyo vilikufa, ilipopoa ikapiga stata kwa nguvu, na mchana haina shida. Ukiyaweka hayo manne pamoja ile hadithi ya betri na altaneta inaanguka yenyewe kabla hata sijashika mita.

Tuanze na altaneta maana ndo ya gharama. Altaneta ikifa gari ya dizeli ya aina yako haizimi ghafla hata kidogo. Pampu yako inasukuma mafuta kwa mekanika, kitu pekee cha umeme kinachoiweka injini hai ni ile solenoidi ndogo nyuma ya pampu inayofungua njia ya dizeli, na yenyewe inakula umeme kidogo sana. Kwa hiyo altaneta ikiacha kuchaji mchana unaweza kuendesha masaa na masaa bila kujua isipokuwa ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Usiku betri itaisha haraka zaidi sababu ya taa, lakini utaona zinafifia, zinakuwa njano, wiper zinachoka, redio inaanza kukatakata, yaani utapata onyo la muda mrefu. Hakuna altaneta inayokufa kwa kung'arisha taa halafu giza halafu baada ya robo saa ikafufuka na kukuvusha mpaka Iringa.

Betri je? Betri iliyokwisha ingepiga vipi stata kwa nguvu? Stata ya injini ya dizeli ya lita 2.8 inavuta ampea 200 na zaidi kwa mkupuo. Umekaa gizani dakika kumi na tano, hakuna aliyekubusti, hakuna aliyesukuma, halafu betri hiyo hiyo "iliyokwisha" inatoa ampea 200 na gari inawaka? Hapana. Ila hapa niweke akiba moja: betri inaweza kuwa na ufa ndani, ule muunganiko wa seli moja na nyingine umekatika nusu, inakuwa inagusa na kuachia. Hiyo ipo, nimeshaiona, na inadanganya sana kwa sababu ukipima ikiwa imetulia inasoma volti 12.5 safi kabisa halafu ukiipa mzigo inashuka hadi karibu na sifuri. Tutaipima ili tuiondoe kwenye orodha, lakini siyo mshukiwa wangu wa kwanza.

Haya sasa tuje kwenye swali lenyewe ambalo kila fundi umeme anatakiwa ajiulize kitu kikikata ghafla: vitu vilivyokufa kwa pamoja vinakutana wapi? Maana vitu vitano haviwezi kuharibika sekunde moja, kilichoharibika ni kimoja ambacho vyote vinakitegemea.

Dashibodi na solenoidi ya pampu vinapitia swichi ya ufunguo. Kama ni hivyo viwili tu vingekufa na taa kubwa zikabaki ningekwambia nenda moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo, kile kipande cha umeme nyuma ya silinda ya ufunguo, maana kwenye magari ya umri huu kontakti zake za shaba zinaungua zinakuwa nyeusi, au ni fyuzi yake. Lakini kwenye Hilux hizi taa kubwa hazipiti kwenye ufunguo, si unajua unaweza kuziwasha hata funguo ukiwa nazo mfukoni? Na hazadi hivyo hivyo, na honi hivyo hivyo. Kwa hiyo tatizo lako liko nyuma ya ufunguo, upande wa betri. Swichi ya ufunguo tuiache, na zile fyuzi ndogo ndogo za kwenye boksi tuziache pia, fyuzi iliyoungua haijiungi yenyewe baada ya kupoa. Mtu akikwambia "fyuzi ilikuwa imeungua ikarudi" achana naye.

Wengi hapa watakwambia athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari. Na kweli athi inasumbua sana magari ya zamani, kuliko kitu kingine chochote, mimi nikiletewa gari ambayo ukikanyaga breki indiketa zinawaka najua moja kwa moja ni athi ya taa za nyuma. Lakini kwako angalia hivi. Ile solenoidi ya pampu athi yake inaipata kwenye chuma cha injini yenyewe, maana pampu imefungwa kwenye injini. Ungepoteza ule waya wa athi unaoenda kwenye bodi, taa zingeleta vituko na dashibodi ingeleta vituko lakini injini kwa kawaida ingeendelea kunguruma. Yako ilikata palepale. Maana yake solenoidi ilikosa umeme wa chanya, au ulipotea ule waya mkubwa wa hasi unaotoka betri kwenda kwenye injini, na huo ndo huo huo unaobeba stata, na stata yako ilipiga kwa nguvu. Unaona tunavyozidi kubana?

Sasa ile kung'aa. Hii ndo imenifanya nikae niandike jibu refu namna hii badala ya kukwambia tu "angalia taminali". Altaneta ikiwa inazunguka, betri inafanya kazi mbili: inapokea chaji, na inatuliza volti zisiruke. Ukiitoa betri ghafla kwenye mzunguko wakati altaneta imebeba mzigo mkubwa, altaneta inachelewa kujua kwamba mzigo umepungua, kwa sehemu ndogo ya sekunde inaendelea kusukuma kama mwanzo na volti zinaruka, zinaweza kupita 40 kabisa kwenye mfumo wa 12. Taa zinamweka. Kisha regyuleta, kile kinachodhibiti volti za altaneta, inakata, altaneta ikiwa peke yake bila betri ya kuishikilia mara nyingi inayumba na kuanguka, solenoidi inafunga, injini inakata. Ndo picha uliyoielezea hiyo, neno kwa neno. Kwa hiyo kwa maoni yangu betri yako ILITENGANISHWA na gari ukiwa unatembea. Haikufa, ilitenganishwa.

Inatenganishwa wapi? Sehemu zote zipo umbali wa mkono mmoja kutoka betri. Kuna kile kibano cha taminali kwenye kidole cha risasi cha betri, chanya na hasi. Kuna ule ufa wa ndani niliosema. Na kuna kitu ambacho madereva wengi hawakijui kabisa: kwenye Toyota za miaka hiyo, pale kwenye taminali chanya, ukiacha ule waya mnene unaoenda stata kuna vipande vifupi vya waya, viwili au vitatu, urefu wa kidole hivi au zaidi kidogo, vina ganda laini kama mpira na mwishoni vina soketi. Mtu akiangalia anaona ni waya wa kawaida. Ile ni fyuzi. Mafundi wengine wanaita fyuzi ya waya. Inatengenezwa kwa waya mwembamba makusudi kuliko waya inaoulinda na ganda lake halishiki moto kirahisi, shoti kubwa ikitokea inayeyuka yenyewe kabla nyaya za gari hazijawaka. Umeme wote wa gari ukiacha stata unapita hapo, na chaji kutoka altaneta kwenda betri inarudi kupitia hapo hapo.

Stata haipiti hapo. Shika hilo.

Ulipozungusha ufunguo mara ya kwanza ikawa kimya, hata tik, kwa sababu ufunguo unapata umeme kupitia ile fyuzi ya waya, na ilikuwa imekata. Ilipopoa ikagusa, ufunguo ukapata umeme wake kidogo, ukaiamrisha stata, na stata ikavuta ampea zake 200 moja kwa moja kutoka betri kupitia waya mnene na kibano cha taminali bila shida. Kibano kilicholegea kiasi cha kuzima gari zima hakibebi ampea 200 kwa raha, ungesikia tik tik tik au ungeona moshi mdogo pale kwenye risasi. Kwa hiyo namweka mbele huyu: fyuzi ya waya, au ile ringi yake iliyobanwa mwishoni, au soketi yake. Vibano vya betri namba mbili. Ufa wa betri namba tatu.

Na kwa nini usiku tu? Spotilaiti bana. Hukusema za wati ngapi, lakini nyingi zinazouzwa madukani za balbu ni wati 100 kila moja, mbili wati 200, ukigawa kwa volti 13.5 unapata karibu ampea 15. Fundi aliyekufungia nina uhakika karibu wote alichukua umeme pale kwenye taminali chanya, ndo panapokuwa rahisi. Watu wanadhani ukichukua pale basi umeme unatoka betri kwa hiyo haugusi nyaya za gari. Injini ikiwa inazunguka betri haitoi kitu, inapokea. Umeme wa spotilaiti unatoka altaneta, unapita kwenye ile fyuzi ya waya kuelekea taminali, ndo unageuka kwenda kwenye spotilaiti. Kipande ambacho mchana kinabeba ampea chache za chaji, usiku unakitwisha ampea 15 za ziada mfululizo, saa nzima. Joto kwenye waya au maungio linaongezeka kwa mraba wa ampea, ukizidisha ampea mara mbili joto linakuwa mara nne, ukizidisha mara tatu joto mara tisa. Ringi ya miaka thelathini iliyoota kutu ya kijani ndani inapashwa, chuma kinatanuka, nyuzi chache zilizobaki zinaachia. Giza. Ikipoa zinagusa tena. Wewe mwenyewe ulizima spotilaiti ukafika Iringa salama, ulijitibu bila kujua.

Najua kuna mtu atauliza, kama spotilaiti zimechukua umeme kwenye taminali mbona nazo zilizima, zisingebaki zinawaka kwa betri? Zingebaki kama swichi yake ingekuwa haitegemei gari. Lakini rilei ya spotilaiti, ile swichi inayowashwa kwa umeme, kwa kawaida inaamrishwa na full au na swichi ndani ya kebini, kebini ikikosa umeme rilei inaachia.

Basi tupime, maana yote haya ni maneno mpaka mita iseme. Utahitaji mita ya kawaida tu ile ya dukani na mtu mmoja wa kukusaidia.

Kabla ya mita tumia mikono. Zima gari, funguo toa. Vua saa na pete kama unavaa, spana ikigusa chanya na bodi na pete yako ipo katikati utakumbuka siku hiyo. Shika kibano cha chanya kwa mkono ujaribu kukizungusha kwenye kidole cha risasi, kisizunguke hata kidogo. Kikizunguka umeshapata kasoro moja, hata kama siyo ndo iliyokuzimia. Fanya hivyo hivyo hasi. Kisha zile fyuzi za waya, moja moja, zivute taratibu huku na huku. Waya mzima hauvutiki, ukiona ganda linavutika kama rababendi ujue ndani shaba imekatika na kilichobaki ni mpira tu. Angalia ganda lililobadilika rangi kuwa kahawia, lililovimba, au soketi ambayo plastiki yake imeyeyuka. Kwenye kesi ya namna hii macho peke yake yanamaliza kazi mara nyingi tu.

Kama huoni kitu ndo mita sasa, na hapa ndo panapowapoteza wengi hadi mafundi. Mtu anaweka mita baada ya fyuzi ya waya anasoma volti 12.5 anasema umeme upo hapa, tuendelee mbele. Mita yenyewe haivuti umeme wa maana, hata ukibakiwa na uzi mmoja wa shaba wa unene wa nywele mita itakuonyesha 12.5 kamili. Umeme upo, lakini hauwezi kubeba mzigo. Ni sawa na kuona maji yanadondoka bombani ukasema bomba ni zima. Pima ukiwa umeweka MZIGO.

Kwa hiyo washa injini, washa full, washa spotilaiti, washa feni ya ndani mwisho, iache dakika kumi hivi ipate joto, tunataka ile hali ya Mikumi irudi. Weka mita kwenye volti DC. Ncha moja igandamize kwenye kidole chenyewe cha risasi cha betri chanya, kile cha katikati, usiguse kibano. Ncha nyingine iweke kwenye ile boliti ya nyuma ya altaneta yenye waya mnene, iliyoandikwa B. Unapima volti zinazopotea njiani kati ya hapo na hapo. Ukipata 0.2 au chini yake njia ni nzuri. Ukipata 0.5 kuna tatizo, ukipata volti 1 na zaidi umemshika mwizi. Sasa sogeza ncha hatua kwa hatua: kutoka kidole kwenda kwenye kibano, kutoka kibano kwenda ringi ya fyuzi ya waya, kutoka ringi kwenda upande wa pili wa soketi. Mahali namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Angalia tu nyaya za mita zisiingie kwenye feni ya injini, na hiyo boliti ya altaneta ina umeme wa moja kwa moja wa betri, ncha ikigusa bodi na boliti kwa pamoja ni cheche.

Ukiwa hapo mwambie msaidizi akae kebini aangalie taa na wewe utikise zile nyaya moja moja kwa kijiti kikavu. Taa zikicheza, simama.

Upande wa hasi ni hivyo hivyo, kidole cha hasi mpaka chuma cha injini, halafu kidole cha hasi mpaka bodi, mzigo ukiwa umewashwa, isizidi 0.2. Na betri nayo: zima kila kitu, iache ipumzike masaa kadhaa, isome 12.6 kama imejaa, 12.2 ni nusu. Halafu ncha zikiwa kwenye vidole vyenyewe mtu apige stata, isishuke chini ya 9.6. Rudia mara kadhaa, na ugonge gonge betri kwa mkono ukiwa unapima. Kama ina ufa wa ndani kuna wakati itaanguka hadi 3 au 2 ghafla, hiyo betri ni ya kutupa na nitakuwa nimekosea kuiweka ya tatu. Ikishikilia 10 na kitu kila mara basi mwambie fundi wako betri haiuzwi leo.

Altaneta ipime mwisho kabisa, kwa sababu ile ruka ya volti inaweza kuwa imeijeruhi. Injini ikizunguka isome kati ya 13.8 na 14.5 kwenye vidole vya betri, ikiwa 15 na kitu regyuleta imeumia. Kisha geuza mita kwenye volti AC ukiwa pale pale, ikisoma zaidi ya 0.5 kuna daiodi imekufa. Na tafadhali sana usimruhusu mtu kupima altaneta kwa kutoa taminali ya betri injini ikiwa inanguruma. Ule mtindo upo kila gereji, wanasema "ikiendelea kunguruma altaneta nzima". Ni ile ile ajali iliyokutokea Mikumi unaifanya kwa makusudi, na kwa dizeli yako haikwambii kitu cha maana kwa sababu solenoidi inakula umeme kidogo sana, hata altaneta dhaifu inaweza kuiweka injini hai.

Kutibu. Ukikuta fyuzi ya waya ndo yenyewe, nunua ya Toyota yenye rangi na ukubwa ule ule, zipo kwenye maduka ya spea na hata za kutolewa kwenye gari iliyokatwa ukizikagua vizuri. Ukikosa, fundi umeme anayejua kazi anaweza kukufungia boksi la fyuzi kubwa ya kufunga kwa boliti yenye ampea sawa na ile ya mwanzo. Asichoruhusiwa kufanya hata kwa dawa ni kuunga waya wa kawaida "ili ufike". Gari itafika, ndiyo, na itatembea miaka, mpaka siku waya mmoja umejikwaruza kwenye bodi ukapiga shoti na hakuna kitu cha kukata, hapo zinaungua nyaya zote na ukichelewa gari lenyewe. Nikiona Hilux imeungua mbele kitu cha kwanza ninachoangalia ni pale kwenye chanya kama kulikuwa na fyuzi ya waya au kipande cha waya wa nyumba.

Vibano ukivitoa anza na hasi kutoa, na hasi iwe ya mwisho kurudisha. Ule unga mweupe na wa kijani umwagie maji ya moto yenye magadi, yanapoza asidi, lakini hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa magadi yasiingie ndani maana yataua maji ya betri. Kausha, piga msasa kidole na ndani ya kibano mpaka ving'ae, funga, ndo upake grisi juu baada ya kufunga, usipake katikati.

Spotilaiti usizitoe, barabara ile zinasaidia. Zihamishe. Zichukue umeme kwenye ile boliti B ya altaneta, waya wa milimita 4 za mraba, fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na pale ulipochukua umeme, rilei yake, na athi yake ifungwe kwenye chuma kilichopigwa msasa, siyo kwenye rangi. Hapo umeme wake hautapita tena kwenye ile fyuzi ya waya. Au nunua za LED zenye wati chache, mzigo unashuka sana na hutahitaji kuumiza kichwa.

Jambo jingine ambalo hukuuliza ila lazima niliseme. Injini yako ikikata unapoteza na msaada wa breki. Kwenye 3L vakyumu ya busta, kile kifaa kinachokuongezea nguvu ukikanyaga breki, inatengenezwa na pampu ndogo iliyofungwa mgongoni mwa altaneta, kwa hiyo hata mkanda wa altaneta ukikatika injini ikiwa bado inazunguka breki zitakuwa ngumu. Busta inabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili. Ikikutokea tena usipampu breki, kanyaga mara moja kwa nguvu na uishikilie mpaka gari isimame, usukani utakuwa mzito kama ni wa pawa lakini unageuka, na usizungushe ufunguo hadi kwenye LOCK gari ikiwa bado inatembea.

Na ikikukamata tena porini kabla hujatengeneza: zima swichi ya kila kitu, fungua boneti kama ni mahali salama, zungusha vibano kwa mkono, bonyeza zile fyuzi za waya kwenye soketi zake, subiri ipoe, jaribu. Ikigoma kabisa na ni mchana, dizeli ya aina yako unaweza kuifikisha nyumbani kwa kutoa ule waya wa solenoidi ya pampu na kupeleka waya mwingine kutoka chanya ya betri moja kwa moja kwenye solenoidi, ukasikia tak, kisha msukume. Weka fyuzi ya ampea 10 hapo katikati kama unayo. Ila ujue ukifanya hivyo ufunguo hautaweza kuzima injini, utazima kwa kuchomoa ule waya, au kwa kuweka gia ya juu, ukakanyaga breki na kuachia klachi. Na hutakuwa na taa za breki wala indiketa, kwa hiyo ni kwa mwendo wa pole na mtu nyuma yako mwenye hazadi.

Pima uniletee namba tatu: volti zinazopotea kutoka kidole cha chanya mpaka boliti B taa zote zikiwa zinawaka, volti za betri wakati stata inapigwa, na volti za chaji. Na picha ya taminali chanya, uisafishe lensi ya simu kwanza.